Kwa Anselmo, Juu ya Lile Tabasamu la Ngazini

Ni mwaka mzima sasa, Anselmo, tangu mlango wa nyuma ukose sauti yako. Oveni bado zinawashwa pale kona ya Mtaa wa Fickett, na harufu ya mdalasini inatufikia alfajiri kama zamani, ila hakuna tena wa kuileta mpaka jikoni akiwa na unga kwenye nyusi.

Wanaosoma haya na hawakukujua, tuwaambie kidogo. Ulikuwa mwokaji mikate tangu ulipofika Los Angeles ukiwa kijana kutoka Zacatecas mpaka mgongo ulipokataa. Mikono yako ilikuwa mikubwa na ya taratibu. Mtoto aliyepita pale akienda shule aliondoka na concha, ule mkate wa mviringo uliochorwa sukari juu kama gamba la kombe, nawe hukukumbuka kamwe umempa nani. Kanisani ulisinzia misa ya kwanza, kichwa kikiinama mbele, na waliokaa nyuma yako walidhani unasali kuliko wao.

Ulitoka nyumbani sote tumelala, ukarudi kunapambazuka. Na kwa kuwa mkeo Hortensia ni mtu wa kushtuka, kila ulipofungua mlango wa nyuma ulivumisha wimbo puani, mdomo umefumba, ili ajue ni wewe. Wimbo wenyewe haukuwa na kichwa wala mkia. Yeye alikuwa ameshaamka, amekaa na rozari yake. Akikusikia, anasogeza punje moja, anaendelea. Hamkuwahi kulizungumza. Lilikuwepo tu, kama mvuke kwenye dirisha la jiko.

Ulikuwa pia na wapenzi wengine, na mkeo aliwajua wote kwa sura, maana uliwatundika ukumbini kwake. Hao ni wale akina mama wa filamu za kutisha za zamani, za rangi nyeusi na nyeupe. Watu wengine wanayakumbuka majitu, yale yenye meno na manyoya. Wewe ulisema, "Nani anamkumbuka anayeogopa? Bila yeye kuogopa, lile jitu ni bwana mmoja tu aliyevaa zulia." Uliweza kutueleza, mkate mkononi, jinsi huyu alivyopandisha vidole kooni taratibu, na yule alivyozimia bila kukunja magoti, na mwingine alivyotembea pekupeku katika ukungu wa kutengenezwa huku kifua kikimbana. Uliwasifu kama wenzako wanavyosifu wapiga ngumi.

Kila Novemba, tulipopanga meza ya marehemu wetu, maua ya njano na mishumaa na picha za wazee, wewe ulipenyeza na za waigizaji wako wale, waliokwisha kufa.

"Anselmo," mkeo alisema, "mama yangu mzazi yuko pale amekaa na mwanamke mwenye nguo ya kulalia."

"Mama yako hajalalamika, kizee wangu."

"Mama yangu hakuwa mlalamishi. Mtoe."

"Hawa wamekufa mara nyingi mno kwa ajili yetu. Angalau mara moja mtu awawashie mshumaa."

Mkeo aliondoka akasali jikoni. Picha ilibaki. Lakini mshumaa ulipozimika kwa upepo, ni yeye aliyerudi kuuwasha, na wewe ulimwona, ukajifanya hukuona.

Jumamosi mchana ulikwenda kwenye ile sinema kuukuu yenye viti vya mahameli vilivyochanika, kwa Wendell Oakes, mstaafu wa posta, na wenzenu wanaopenda filamu hizo. Jina la jitu likitokea kwenye pazia, mlikaa kimya. Jina la mwanamke likitokea, mlipiga makofi. Na mwisho wake mlibishana, siku zote juu ya kitu kimoja.

Katika filamu uliyoipenda kuliko zote, Corinne Halvey anashuka ngazi ndefu, gauni jeupe, mshumaa mkononi, na chini gizani jitu linamngoja. Kabla hajapiga yowe anageuza uso kidogo upande wa kushoto, anatabasamu. Kidogo sana, ukipepesa macho limekupita. Kwa nini anatabasamu?

"Keshalogwa huyo," Wendell alisema. "Angalia shingo."

"Ni kosa la kazi," mwingine akasema. "Mwongozaji alisahau kulikata."

Wewe ulisema, "Anamhurumia. Amelijua lile jitu kabla yetu, akalihurumia." Kisha ukaongeza, "Siku moja nitamuuliza mwenyewe." Ulilisema hilo ukiwa na nywele nyeusi, ukalisema zikiwa za kijivu.

Na Wendell, Mungu ambariki, alimpata. Corinne Halvey alikuwa hai, bibi wa miaka themanini na ushei, katika nyumba ya waigizaji wastaafu ng'ambo ya vilima. Miadi ikawekwa. Ulinyoa ndevu siku hiyo hiyo, ingawa miadi ilikuwa bado mbali. Ukashona kifungo cha koti mwenyewe, vibaya, ukamkataza mkeo asikirudie. Asubuhi moja tukakukuta kwenye kiti cha barazani, kamba za viatu zimefungwa, koti mapajani, uso wa mtu anayesubiri kuitwa. Moyo ulikuwa umesimama.

Baada ya mazishi Wendell alimsogelea mkeo, kofia mkononi.

"Bi Hortensia, najua hapa si mahali pake. Nafasi ya Anselmo bado ipo. Wenzangu wote wanaitaka. Nimewaambia ni ya familia."

"Nitaenda mimi," mkeo akasema.

Binti yako Maricela akamshika mkono. "Mama, wewe filamu yenyewe hujaiona. Ikianza tu ulikuwa unakimbilia jikoni."

"Basi nitaiona."

Wendell akazungusha kofia. "Na jibu likiwa si zuri? Huenda hakuna maana yoyote, Bi Hortensia. Swali hili tumelibeba maisha yetu yote. Ikibidi, mkirudi, tupambieni jibu kidogo."

"Bwana Oakes, nasali kila siku nisiwadanganye walio hai. Ndiyo nianze na maiti?"

Basi aliiangalia, mchana, pazia nusu, taa imewashwa, rozari mapajani. Mjukuu wako Noemi aliweka kanda.

"Bibi, mbona umeziba macho?"

"Sijaziba. Nakuna paji la uso."

Lakini ngazi zilipofika mkono ulishuka. Mwanga wa mshumaa ule usio na rangi ulicheza kwenye ukuta wetu, juu ya saa, juu ya msalaba, na Corinne Halvey akashuka kama anayetembea usingizini, akageuza uso, akatabasamu.

"Rudisha," mkeo akasema.

"Bibi, unaogopa?"

"Rudisha tu."

Hakuona uchawi mle, Anselmo, wala hakuona huruma. Aliona uso anaoufahamu, asijue ameufahamu wapi. Siku kadhaa alikuwa akiosha vyombo anasimama, sahani mkononi, anautafuta.

Siku ya miadi alivaa gauni la misa. Tulipofika, muuguzi alisema Bi Corinne ameamka vizuri ila tusitegemee sana. Siku nyingine haongei. Tulimkuta bustanini chini ya michungwa, blanketi magotini, nywele nyeupe kama sukari ya unga, miwani mizito kama kitako cha chupa. Mkeo alimpa concha, akasema imetoka kwenye oveni ya mumewe. Bibi yule aliinusa kwanza.

"Mumeo ameoka?"

"Wenzake. Yeye amefariki," mkeo akasema, na Maricela akatafsiri.

"Pole, mwanangu." Akala taratibu, hakuacha chembe. Tulidhani ameshatusahau. Kisha akafuta vidole. "Mmekuja kuniuliza kitu. Hamna nyuso za watu wa picha na saini."

Maricela akauliza kwa niaba yako, neno kwa neno kama ulivyokuwa ukiuliza: pale ngazini, kabla ya yowe, uliona nini ukatabasamu?

"Sikuona kitu," bibi akajibu.

Maricela akasita kutafsiri. Hapakuwa na haja. Mkeo alikuwa ameelewa. Alikaa wima, mkoba mapajani, na jambo alilolifikiria ni njia ya kurudi, kwamba ni ndefu, na kwamba mwisho wake kuna kaburi lako na amekuahidi ukweli.

"Sikuona kwa kuwa nilikuwa sioni," bibi akaendelea, akigonga miwani kwa ukucha. "Tangu utotoni. Na wenye filamu hawakutaka mrembo mwenye miwani. Ngazi zile zilikuwa za kweli, ndefu, nami nashuka kwa kupapasa na nyayo. Kwenye mazoezi nilitetemeka mpaka mshumaa ukazimika. Yule bwana wa manyoya, aliyeigiza jitu, akaniona. Roho nzuri sana yule. Akaniambia, binti, nitakuvumishia wimbo, wewe fuata sauti. Kelele na muziki vilitiwa baadaye, kwa hiyo hakuna aliyesikia ila mimi."

"Kisha?" mkeo akauliza, bila kumngoja Maricela.

"Nilipofika katikati, sauti ikanipotea. Nikasimama. Nikajisemea, hapa ndipo naanguka. Halafu nikamsikia tena, kushoto, karibu kuliko nilivyodhani. Nikajua niko salama." Akacheka mpaka blanketi likateleza. "Ndipo nikakumbuka natakiwa kupiga yowe."

Mkeo akamuuliza ulikuwa wimbo gani. Bibi akatikisa kichwa, haukuwa wimbo hasa. Akafumba mdomo, akajaribu kuuvumisha, pale chini ya michungwa, kidogo tu, kitu kisicho na kichwa wala mkia. Na mkono wa mkeo, uliokuwa mkobani, ukasogeza punje moja ya rozari.

Hapo ndipo alipojua uso ule ni wa nani. Hakuna kioo jikoni kwetu, Anselmo, kwa hiyo hakuwahi kujiona alfajiri akikusikia. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwona.

Basi hilo ndilo jibu lako, na halijapambwa. Hukukosea sana. Huruma ilikuwepo, ila ilitoka upande wa jitu.

Tulipomweleza Wendell pale sinemani, alivua kofia. "Kumbe miaka yote," akasema, "nimemwogopa mtu anayemwongoza mwenzake." Sasa filamu ile ikionyeshwa, ikifika ngazini, viti vyote vya mahameli huvumisha, kila mtu wimbo wake, taratibu, mpaka Corinne ageuke. Mkeo huenda kusikiliza. Bado anakuna paji la uso kwenye sehemu nyingine.

Corinne Halvey alifariki majira ya joto, usingizini. Novemba hii mkeo ndiye aliyeweka picha yake mezani, kwa mkono wake, akamsogeza mama yake kidogo kuipatia nafasi. Hakuchagua ya gauni jeupe. Ameweka ya uzeeni, yenye miwani, ili akuone vizuri. Kati ya picha yako na yake kuna maji na concha moja. Gawaneni.

Misa ya kukuombea ni Jumapili, ile misa ya kwanza ya asubuhi. Atakayesinzia asamehewe.

Tukuambie na hili. Macho ya mkeo yameanza kuingiwa na ukungu. Rozari anaijua kwa vidole, na jikoni anajua kila kitu kilipo, kwa hiyo hana hofu na hana haraka. Ila siku yake ikifika atakuja kwa kupapasa, mahali asipopajua. Hakuombi uje kumpokea njiani. Simama popote Mungu alipokupa kusimama, fumba mdomo, vumisha. Atageuza uso, nawe utauona tena.

Unakumbukwa na mkeo Hortensia. Binti yako Maricela na mumewe Rubén. Mjukuu wako Noemi. Dada yako Eulogia aliyeko Zacatecas. Wendell Oakes na watu wote wa Jumamosi.

Daima tunakukumbuka, Anselmo, na daima tunasikiliza.