Kaka Hakuwa Rubani

Bangwe, Kigoma
Jumatatu

Kaka Hamisi, shikamoo.

Nimekukosea, kaka. Nasema kabla hata sijauliza hali. Shemeji hajambo? Mgongo wako je? Mimi mzima, mashine za boti za kutengeneza hazikosekani, dagaa tunakula mpaka nimetoboa mkanda tundu jipya.

Sasa sikia. Hapa mwaloni, boti zinaposhusha dagaa, vijana wanapenda niwasomee riwaya za upelelezi. Humo jeshi letu la anga ni rubani wa miwani nyeusi, anashusha majasusi gizani, asubuhi yuko hotelini na mrembo. Siku moja nikajisifu: "Kaka yangu alikuwemo tangu jeshi changa, ndege zenyewe za kuhesabu, mpaka vita ya Kagera."

"Alikuwa anarusha?"

"Alikuwa anakunja miavuli."

Weee! Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. "Kumbe jeshi linaogopa mvua!" Nikaeleza ni ile ya kurukia kutoka kwenye ndege, nani asikie? Kwa aibu nikasema nilikuwa natania, wewe ni rubani wa siri, mpaka leo unaruka juu ya ziwa.

Mama Niyo alikuwa pale anaanika dagaa. Ni mkimbizi wa Burundi, alipotezana na mwanawe wakikimbilia Kagunga, kwenye mahema ya wakimbizi kule mpakani. Kesho yake akanijia, akanisalimu kwa Kirundi: "Amahoro, Rashidi. Mwambie kaka yako ashuke chini kidogo. Mwanangu amevaa shati jekundu."

Nikamjibu, "Nitamwambia."

Jana ndege ya misaada ikapita chini chini ikienda kutua. Mama Niyo akakimbia ufukweni anapunga kitenge: "Ameniona! Kaka yako ameniona!" Hakuna aliyecheka.

Nikakumbuka maneno yako: ukikosea mkunjo, wewe uko salama chini, anayekufa ni mwenzio.

Nisamehe, kaka. Kazi yako niliionea haya bure. Ila jana usiku, nilipoamua la kufanya, nililala vizuri.

Msalimie mama mdogo anayenilelea kuku, na binamu yetu fundi baiskeli, mwambie zile spana zimefika salama.

Ijumaa hii, boti ya Kagunga kabla haijaondoka, nitasimama mbele ya wale wale, Mama Niyo akiwepo, niseme: kaka yangu alikunja miavuli, na hakuna aliyeanguka. Kisha nitapanda na Mama Niyo, tukaliulizie shati jekundu kwa miguu yetu, hema kwa hema.

Mdogo wako,
Rashidi