Mshale Ukigusa Themanini

Jumapili, 9 Juni
Leo nimerusha ndege niliyoitengeneza kwa mikono hii. Mimi, fundi friji, darasa la nane na nusu – hiyo nusu nilifukuzwa. Miaka sita kwenye banda la gari na shemeji, kaka wa mke wangu, fundi viti. Yeye kashona viti na kupiga msasa mabawa. Mengine yote ni mimi. (Sawa, injini alifunga mtu mwingine. Nilimshikia tochi.)

Nimeshuka, watu wakapiga makofi, mke wangu akalia. Nikawaambia ni rahisi kuliko baiskeli.

Sasa niseme kweli, humu daftarini hamna wa kunicheka. Niliogopa mpaka nikasahau jina la mama yangu. Ile si ndege, ni risasi yenye viti. Ndege ya shule, ile tuliyojifunzia kuruka, ni mzee mpole, ukikosea anakohoa kwanza, halafu anakusamehe. Hii haikohoi. Nilikuja kutua kwa mwendo wa shule, taratibu kama nilivyozoea. Mshale wa kasi ukagusa themanini, bawa la kushoto likalala. Bila taarifa – kama mlevi aliyekosa ngazi. Nikasukuma moto wote wa injini. Gurudumu likagusa majani kabla ya lami. Watu walidhani ni mbwembwe.

Tuna kitabu cha majaribio. Kila safari inaandikwa, ili anayefuata ajue tabia za ndege. Nimeandika: "Imetua vizuri. Haina tatizo."

Jumatatu, 10 Juni
Mteja kaniita Kapteni. Friji yake nimetengeneza bure.

Jumatano, 12 Juni
Mwalimu kaniita. Ndiye aliyetufundisha kuruka, mimi na shemeji – mama wa miaka sitini na nne, karusha ndege za mizigo nusu ya dunia na hasemi. Mimi nimetengeneza majokofu kwenye meli tatu, kila mtu anajua.

Jumapili alikuwepo, aliona. Kauliza mshale ulisoma ngapi bawa lilipolala. Nikasema ulikuwa upepo. Akanipima kwa macho kama mizani ya muuza nyama. Akasema saa zangu sitini na tano za kuruka zote ni za ndege ya shule, kwenye hii mimi ni mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nisiiguse tena mpaka nikae na mtu anayezijua ndege za namna hii.

Nikasema ndiyo, mama. Kichwani nilishasema hapana.

Ijumaa, 14 Juni
Shemeji kaja, kasoma kitabu cha majaribio, kakifunga. Kesho zamu yake. Ana saa arobaini tu. "Kama wewe na kitambi chako umeiweza, shemeji, mimi itanishinda nini?"

Hapo ndipo pa kumwambia. Mdomo nikaufungua – utani ukatoka. "Ukiikwaruza, nakurudishia dada yako." Tukacheka wote watatu, na mke wangu. Kisha akanishika mkono jikoni. Akasema kaka zake walikuwa wanne, kabaki huyu. Nikamwambia ndege ni salama, mimi si nipo hapa nakula?

Nimeahidiana na shemeji uwanjani saa nne. Nitamwambia kabla hajawasha. Haki ya Mungu nitamwambia.

Jumamosi, 15 Juni
Nimefika saa tatu na nusu, mapema, na maneno nimeyapanga. Banda la ndege liko wazi, halina kitu. Shemeji kaona upepo umetulia, kaondoka bila kungoja mtu. Mwalimu kafika naye kaikuta iko juu.

Nikachukua redio. Nikamwambia: shemeji, nilidanganya kitabuni, mshale ukigusa themanini bawa linaanguka. Akacheka! "Wivu huo, Kapteni. Unataka nije mbio nipitilize, watu wanicheke." Nikaapa. Akasema niliapa pia kwamba nimewahi kula meza moja na mfalme.

Kweli niliapa. Mfalme mwenyewe simjui hata kwa picha.

Mwalimu kaninyang'anya redio. Kamwambia apande juu sana, apunguze mwendo polepole, ajionee. Kapanda. Kapunguza. Tukaiona ikigeuka ubavu na kudondoka kama kijiko, halafu ikashikwa. Kisha redioni sauti ndogo: "Mwalimu, nimeona."

Sasa anaogopa kupunguza. Kaja kutua na mia na thelathini, kapitiliza uwanja wote. Kazunguka. Kaja tena, mia na ishirini, kapitiliza. Mimi ndiye niliyemwambia robo tangi ya mafuta inatosha, isiwe nzito. Mwalimu anasema imebaki mizunguko miwili, labda.

Mke wangu yuko kwenye uzio na chupa ya chai. Kila kaka yake akipita anapunga kitambaa. Anadhani ni maringo, kama yangu ya Jumapili. Ananipungia na mimi. Nimempungia.

Mwalimu anampa shemeji namba, tisini na tano, shikilia tisini na tano. Yeye hajibu namba. Anauliza mimi nilifanyaje. Anarudia. "Mwambie shemeji aseme alifanyaje, yeye alishuka nayo."

Mwalimu kanisukumia redio. Kasema andika kwanza, halafu soma. Ukiropoka utamuua.

Naandika humu humu. Shemeji, sikufanya kitu. Nilibahatika – hapana, hilo siwezi kumsomea.

Shemeji, msikilize Mwalimu, mimi sikujua kitu. Tisini na tano mpaka uvuke uzio. Usimwangalie dada yako. Bawa likilala usilinyanyue kwa usukani, pua chini kwanza, halafu moto

Anageuka. Nasikia anapunguza. Mapema mno, bado yuko juu ya miti, sijamsomea hata neno, bawa la kushoto lina