Nyota Tano za Naserian

Jumatano

Hizo nyota siziamini. Kila hadithi ambayo Naserian wa Gredi ya Tatu anasoma, tableti ya shule, ambayo humsomea kwanza kwa sauti, inampa tano, na mwalimu mkuu anamsifu kwenye paredi, mbele ya shule nzima.

Leo nilimwita mezani asome mojawapo ya hadithi hizo. Katikati ya ukurasa nikafunika maneno kwa kiganja. Akaendelea tu! Hata pale sauti ya tableti husimama kidogo, naye alisimama.

Nikampa pakiti ya unga niliyotoka nayo nyumbani. Akaangalia picha, akasema, "Mahindi." Maneno mengine yakamshinda.

Jioni mamake, anayeuza maziwa hapa Kitengela, alikuja kumchukua. Yeye hakwenda shule, hajui kusoma. Kabla nifungue mdomo akanishika mkono.

"Mwalimu, asante. Siku hizi sisumbui jirani. Meseji za kliniki ya mtoto mdogo, Naserian ndiye ananisomea. Kila mara wanasema tuko sawa."

Kila mara?

Nikamwambia, "Mama, hebu nione hiyo simu."

Naserian ndiye alikuwa ameishika. Mama akacheka, akamwambia anipatie. Mtoto akaificha nyuma ya mgongo, akaanza kulia.