Katibu Ndani ya Kabati la Vyombo

Kichangani, Morogoro,
9 Julai 1994.

Mpwa wangu Mwanvita,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipata ndani ya barua zako zote tatu, ingawa ile ya tatu uliiandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Mimi sijambo, ni mgongo tu. Mkazamjomba wako Mwanaheri naye hajambo, ila ameninunia tangu Jumapili. Hofu yetu ni juu yako huko Dar na joto lake.

Nakuandikia upesi ili barua hii iyawahi maneno ya watu. Jumapili walikuja ndugu zake Mikidadi, mchumba wako, bila taarifa, mchana, mtu hata shati hajavaa. Sasa utasikia kwamba kwa mjomba wako kunafugwa jini. Watu wa siku hizi wananichosha, Mwanvita! Tangu biashara ifunguliwe kila mtu anafanya lake, huyu mitumba, yule kanda za video, lakini Mansuri akifuga nyoka mmoja, basi ni jini.

Nikueleze tangu mwanzo. Kiwanda kilipotupunguza, alifika bwana mmoja anayesafirisha vinyonga na nyoka nje ya nchi. Alikuwa ameambiwa kwamba Uluguru nzima hakuna mkamataji kama mimi, na hilo ni kweli. Chatu nilimkamatia Ngerengere. Kichwa kilikuwa upande huu wa reli na mkia upande wa pili, na treni ya mizigo ilisimama ikasubiri mpaka nikamaliza kumkunja. Usicheke, muulize jirani yetu Thobias, alikuwepo. Yule bwana akachukua vinyonga, akasema chatu atamfuata mwezi ujao. Huo mwezi ujao wake mpaka leo haujafika, nami nikamzoea yule nyoka. Nimempa jina Katibu, maana hulala wiki tatu, na akiamka ni kula.

Tabu ni nyumba yake. Nyoka ana ujeuri kuliko mpangaji. Kwanza nilimtengenezea ndani ya ile redio kubwa ya miguu minne iliyokufa. Nikaitoa matumbo yote, nikaweka balbu ya kumpa joto na bakuli la maji. Siku ya pili akachana kitambaa cha spika, akaenda kujilaza kwenye pipa la mchele. Nikahamia kwenye meza ya kujipambia ya Mwanaheri, nikaziunganisha droo tatu kuwa chumba kimoja. Fundi Castory alipoiona alisema tangu azaliwe hajaona kazi kama ile. Mimi niliona ananisifu, Mwanaheri anasema sivyo. Katibu akaisukuma ile droo kwa pua kama mtu anayefungua ofisi yake. Mwanaheri akaniambia nichague, yeye au nyoka. Nikamwambia asiniharakishe.

Mimi nina darasa la nne la mkoloni, ambalo ni sawa na fomu foo ya sasa, kwa hiyo nikakaa nikafikiri. Nikaona kinachotakiwa ni mbao ngumu, kimo cha mtu, na mlango wa kioo.

Hapa ndipo penye neno lenyewe, mpwa wangu. Nilikuandikia kwamba kabati la vyombo aliloliacha marehemu mama yako, lile la mninga unalotakiwa kwenda nalo kwa mume, liko kwa Castory linapigwa vanishi. Haliko kwa Castory. Halijatoka sebuleni hata siku moja. Nilikata rafu mbili za chini, nikatoboa matundu ya hewa mgongoni kwa msumari wa moto, ishirini na sita, nikaweka balbu, sinia la maji na tawi la mpera. Kwenye rafu ya juu niliviacha vikombe vya mama yako. Chini nikaweka pazia la kufuma ili wageni wasijue, na vile vioo vya kusukuma nikavibana kwa kipande cha ubao.

Sasa shangazi yake Mikidadi, kama ilivyo desturi, akainuka kukagua vyombo vya bibi harusi. Nikamwambia akae anywe chai kwanza. Akasema chai haina miguu. Nikamwambia kabati ni bovu. Akasema mbona linang'aa. Akautoa ule ubao, akasukuma kioo, akapitisha mkono nyuma ya pazia, akauliza mbona sahani zetu ni laini hivi. Ndipo Katibu akatoa kichwa kumtazama. Yule mama ni mnene, lakini meza ya chai aliiruka bila kugusa hata kijiko. Kiatu chake kimoja kiko hapa. Akiwa barabarani akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia, kwamba Mikidadi hataoa kwenye ukoo unaofuga jini la utajiri. Utajiri! Hata paa letu hakulitazama.

Siku sita nimegomba na kila mtu. Leo asubuhi Mwanaheri ameniuliza, mume wangu, dada yako angekuwa hai ungemwambia nini? Katibu nimemtia kwenye gunia, nimemrudisha bondeni. Kabati nimeliosha, lakini matundu hayazibiki.

Basi barua hii mpe Mikidadi, amsomee shangazi yake mbele ya watu. Wasikie kwamba kwa Mansuri hakuna jini, na wewe hukujua lolote. Yupo mjomba tu, aliyekata kabati la yatima, kisha akamdanganya kwa barua.

Kwa mila yetu Waluguru mimi ndiye wa kusimama siku yako. Ukinionea aibu, asimame mdogo wangu Maneno. Mimi nitakaa uani na wapishi, nichochee moto, wala sitafungua mdomo.

Mwanaheri anakusalimu sana, na majirani wote, hata wanaotusema. Mungu akulinde.

Ni mimi mjomba wako,
Mansuri