Ng'ombe wa Mzee Leboo Wamefutika

Shangazi Mwaija, shikamoo. Naomba msaada wako, maana hata kula nimeshindwa. Mimi ni karani wa chama cha wafugaji hapa Handeni, nimemaliza kidato cha sita, na mwaka jana tulipewa kompyuta yenye mfumo wa Linux, ule usiouzwa, ambao kila mtu anaruhusiwa kuunakili na hata kuubadilisha, na Mathias, fundi aliyetoka Korogwe kuja kuuweka, akaniambia, “Dada, huu haukaririwi. Gusa, haribu, tengeneza,” lakini mimi niliogopa, nikaandika amri zote kwenye daftari, nikazikariri kama za mtihani, kompyuta nikaifunika kitambaa cha kufuma. Kwa wiki tatu Mzee Leboo alikuja kuandikisha ng'ombe wake, na idadi alikataa kuisema, “Mwanangu, ng'ombe wangu siwahesabu, nawataja,” basi akawataja mmoja mmoja, rangi, pembe, alama ya sikioni, hata mama yake ni yupi. Ijumaa nikajipa moyo nijaribu amri ya kufuta, nikaijaribu palepale penye orodha yake, nikidhani itaniuliza kwanza, haikuuliza, Shangazi, ikafuta. Nakala sikuwa nayo. Mzee alipokuja nilimwambia umeme ni mdogo, akanipa pole na kibuyu cha maziwa. Maziwa yale bado yako mezani, sijayagusa. Kabla ya mnada wa mwisho wa mwezi atakuja kuchukua karatasi yenye orodha yake. Nitoroke?

Karani, Handeni

Marahaba, mwanangu. Utoroke uende wapi, hapo jirani Kabuku? Keti.

Kufuta ni bahati mbaya. Kusingizia umeme, mzee wa watu akakupa pole, hilo ndilo kosa. Mfuate nyumbani kwake, msalimie, useme, “Baba, nimewafuta kwa mkono wangu.” Akikasirika, mwache akasirike. Kisha mwombe awataje tena. Ng'ombe wote anao kichwani. Kilichopotea ni maandishi yako.

Na hilo daftari lifungie kabatini. Msomi mzima unafunika kompyuta kama sahani ya wali! Mathias alikwambia kweli, ila alisahau kukuonyesha pa kuharibia. Tenga jalada la mazoezi, lijaze ng'ombe wa kubuni, wafute, waandike, wahamishe, uwafute tena, mpaka vidole vizoee. Orodha ya kweli uinakili kwenye disketi kila unapofunga ofisi.

Hofu ikikurudia, mtazame mzee akitaja ng'ombe wake. Hakuwakariri, amewachunga. Akimaliza wa mwisho, mwonyeshe kitufe cha kuhifadhi, umwache akibonyeze yeye.