Mpagazi Aliyebeba Kijiji

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Itetemia hatujambo. Babu yako anapalilia karanga huku akinung'unika kama kawaida. Unawaandikia watoto kitabu cha maisha yangu, nawe unauliza hadithi za ajabu za vitabu vyangu zilianzia wapi. Zilianzia juu ya mti, mchana.

Enzi za Mwingereza, mimi na mdogo wangu Petro tulifuata njia ya zamani ya misafara kwenda kutazama mzinga wa nyuki wa baba. Nyati akatutokea. Tukakwea mti, naye akasimama chini, haondoki. Jua likawaka. Petro akaanza kulia.

"Dada, mikono imechoka. Nashuka."

Nilijua ngano ingemtuliza. Lakini kwetu ngano husimuliwa jua likishazama. Tuliambiwa mtoto anayesimulia mchana hufiwa na mama yake. Nikamwona Petro analegea. Nikaanza: palikuwa na mpagazi aliyebeba kijiji kizima kichwani.

"Na akijikwaa?" Petro akauliza, akiukumbatia mti upya.

Nilisimulia mpaka nyati akaenda zake. Nikakimbia nyumbani roho mkononi. Mama alikuwa akitwanga. Nikamshika miguu, nikamweleza yote.

Akaweka mchi chini. Kisha akatazama jua.

"Likizama," akasema, "utaniambia kama huyo mpagazi alifika."

Hajafika bado, Neema. Katika kila kitabu nimemchelewesha njiani, maana sikutaka mama aache kuuliza.

Bibi yako