Swichi ya Upande wa Kulia

Ipuli, Jumanne, Novemba 1974

Wala mimi sikuomba swichi. Shemeji Hamisi amekuja alasiri na fundi wa umeme, ameleta swichi ya kuzungusha. Ukiizungusha, taa hufifia polepole kama kandili iliyoshushwa utambi.

Nilikuwa nyuma ya pazia, kwa kuwa bado nimekaa eda.

"Niiweke wapi, mzee?" fundi akauliza.

"Chumbani kwa mke wangu. Upande wa kulia wa kitanda."

Fundi akacheka. Mashemeji hutaniana hivyo. Marehemu mume wangu alipokuwa hai, Hamisi aliniita mke wangu mbele yake kila Idi, naye akimjibu, "Mchukue, lakini anakoroma!"

Leo hakukuwa na wa kumjibu.

"Shemeji, mimi hulala kushoto," nikasema.

"Najua," akasema.

Tangu Hamisi na wenzake wahamishiwe kijiji kipya huko Puge, anasema maisha ya kule yamemshinda. Nyumba hii ilikuwa ya baba yao, yeye na marehemu, nasi hatukujaliwa mtoto. Eda inaisha Ijumaa ijayo. Nikimkataa, sijui nitakwenda...

Fundi aliing'oa swichi ya zamani pale mlangoni. Sasa nimejaribu kuizima taa nikiwa upande wangu, mkono haufiki. Mpaka nisogee, nilale alipokuwa akilala marehemu.

Nimeiacha inawaka.